Goli Lisilo na Mtambaa wa Panya

Mwanangu ana miaka minane na anachezea klabu ya mtaani kwetu hapa Hamburg. Jumamosi moja alirudi na tope mpaka masikioni, nikamuuliza kile ambacho baba yeyote wa Temeke, Dar, angeuliza: mmeshinda? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya ng'ombe. "Hatuhesabu, baba." Kumbe ligi za watoto wadogo Ujerumani siku hizi hazina msimamo wala pointi. Wanacheza wachache wachache kwenye viwanja vidogo, wanabadilishwa kila mara ili kila mtoto auguse mpira. Sababu zake nimeelezwa na ninazikubali. Lakini usiku ule nilikaa nikiwaza: huyu Jumatatu atabishana nini na wenzake?

Naandika haya kwa sababu kila nikitoa wimbo, ndugu zangu wa Dar wananiambia yaleyale. "Wewe uko majuu bwana, vifaa vipo, sisi huku tunasota." Vifaa sikatai. Kipaza sauti ninachorekodia chumbani kwangu leo, enzi zetu ungekipangia foleni wiki mbili. Ila kilichonifundisha kuchana, yaani kurap, hakikuwa kifaa, na huku nimekitafuta miaka kumi sijakipata.

Nimekulia Temeke, jirani na soko la Tandika. Jioni ilikuwa chandimu: mpira wa nailoni na matambara uliokazwa kwa kamba, na magoli ya mawe mawili kila upande. Sasa jiwe halina mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa goli. Mpira ukipita juu kidogo ya kichwa cha kipa, ni bao au si bao? Refa hakuna. Kipa anaruka kuonyesha mkono wake unafika wapi, mfungaji anamwambia mbona wakati ule hukuruka hivyo, kipa anasema nilikuwa nimeteleza, mwingine anadakia kwamba aliyeteleza ni mzembe na bao ni bao. Mechi ya saa moja, nusu saa ni kesi. Mimi nilikuwa namba tatu wa kawaida sana, mguu wa kushoto kama wa kuazima, lakini kwenye kugawana timu sikubaki mwisho hata siku moja. Mdomo wangu ulikuwa unafuta mabao. Waliniita Wakili.

Nyumbani nako hakukuwa na amani, na nashukuru. Baba alikuwa fundi cherehani, Simba wa damu. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa Yanga, na alilala chumba kimoja na mimi, kwa hiyo nikasilimu mapema, nikawa Yanga. Mama alikuwa na ligi yake: wakati ule TOT na Muungano, vikundi vya taarabu, zinarushiana mipasho, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, mama anapika huku anajibu mstari kwa mstari kama vile yeye ndiye aliyetupiwa dongo. Wazee wa kijiwe cha kahawa wao walikuwa wamegawanyika kwa Msondo na Sikinde, bendi za dansi. Ukiangalia vizuri, Dar ile kila kitu kilikuwa na mtani wake.

Mwaka 2003 Simba walikwenda Cairo kurudiana na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Nilikuwa na miaka 15. Baba aliacha suruali ya mteja kwenye cherehani, sindano imezama kwenye kitambaa, akaegemeza sikio kwenye redio. Ikaenda penalti. Juma Kaseja langoni. Simba walipopita, baba hakushangilia. Alinigeukia taratibu, akavua miwani, akasema, "Haya. Sema." Nami sikuwa na la kusema. Nilikaa wiki nzima natafuta jibu, naliandika nyuma ya daftari la Jiografia, nalifuta, nalipanga upya ili mwisho wa sentensi ugongane na mwisho wa nyingine, maana nilishagundua kwamba maneno yenye vina yanauma zaidi. Siku nilipomjibu alicheka mpaka akakohoa. Huo ndio wimbo wangu wa kwanza, na haukuwa na biti.

Kwa hiyo rap ilipotufikia kwa nguvu haikuwa ngeni kwangu. Gangwe Mobb walikuwa watoto wa Temeke, Juma Nature wa Temeke, na walichana kwa lugha ileile tuliyotumia kuamua kama mpira umepita juu. Upande wa pili kulikuwa na East Coast Team wa Upanga, nasi tukawachukia bila sababu yoyote ya maana, kama inavyotakiwa. Mwaka 2001 Professor Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, hata baba alikubali kusikiliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa muziki wa "watoto". TMK Wanaume, kundi la kina Juma Nature, walipogawanyika mwaka 2006, Halisi huku na Family kule, mtaani watu walihuzunika siku mbili, siku ya tatu wakaanza kuchagua upande.

Hiyo ndiyo shule yangu (na neno shule lenyewe tulilitoa kwa hawa Wajerumani, kwa hiyo tumelipana).

Sasa nisije nikaonekana naipamba Dar. Wimbo wangu wa kwanza wa studio ulichezwa redioni miezi kadhaa na sikuona hata shilingi ya nauli. Mtayarishaji, ambaye jina lake nalihifadhi, aliikalia kazi yangu mpaka nimwongezee hela juu ya tuliyopatana. Mtangazaji mmoja alinieleza waziwazi kwamba wimbo mzuri bila bahasha ni wimbo mbaya. Na goti langu la kulia, lililopinda kwenye mechi ya ndondo, mashindano ya mtaani, nikiwa na miaka 19, lilichuliwa kwa maji ya moto na chumvi, basi. Mbwana Samatta ametoka Mbagala mpaka kufunga Wembley mwaka 2020, nami nililia siku ile kama nimefunga mimi. Lakini kwa kila Samatta kuna mabeki watatu wanaochechemea Tandika leo kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaangalia goti.

Huku goti limeangaliwa. Nimefanyishwa mazoezi ya tiba kwa kadi ya bima, na mtu aliyenishika mguu alikuwa ameusomea. Nacheza timu ya wazee, uwanja wa nyasi bandia, taa zinawaka saa iliyopangwa na kuzimwa saa iliyopangwa, na refa anakuja hata kwa sisi wenye vitambi. Magoli yana mtambaa wa panya, wa chuma. Hakuna la kubishania.

Muziki ni hivyohivyo. Kila baada ya shoo, hata ya watu thelathini kwenye kituo cha vijana, orodha ya nyimbo nilizopiga inapelekwa GEMA, chama kinachokusanya hela za watunzi. Malipo yangu ya kwanza yalikuwa euro 61 na senti kadhaa. Nilichapisha ile karatasi nikaibandika jikoni. Si kwa ajili ya kiasi, maana kwenye bohari bandarini nalipwa zaidi ya hapo kwa siku (nyumbani wanasema walio majuu tunabeba maboksi, mimi nayabeba kwelikweli). Ni kwamba kuna mtu nisiyemjua, sijampa bahasha, alikaa akahesabu kwamba wimbo wangu umepigwa. Nikipewa nafasi ya kuchukua kitu kimoja tu kutoka huku nikipeleke Dar, nitaacha treni na nitaacha barabara, nitachukua yule mhasibu.

Lakini mhasibu hakutungii mstari. Nikikaa kuandika hapa, kitu cha kwanza ninachokutana nacho ni ukimya. Saa nne usiku jengo zima linanyamaza kwa sheria, Jumapili nayo imenyamaza tangu asubuhi. Jirani yangu wa chini hajawahi kuniambia neno baya. Yeye hubandika karatasi mlangoni, ameiandika kwa mwandiko mzuri. Utamjibuje mtu kwa karatasi?

Nilidhani mpira utaniokoa. Hamburg nayo ina watani wake, HSV na St. Pauli. HSV walikuwa na saa kubwa uwanjani inayohesabu miaka, siku na sekunde walizokaa ligi kuu bila kushuka hata mara moja. Mwaka 2018 wakashuka. Hebu fikiria saa hiyo ingekuwa ya mmoja wa watani wa Kariakoo, Simba au Yanga! Ingetungiwa nyimbo, ingechorwa kwenye khanga, ingeshonwa suti yenye saa. Kesho yake nikawahi kazini, nikamfuata mwenzangu shabiki wa St. Pauli, namchokoza ili aanze. Akasema, "Ndiyo, ilikuwa vizuri," akawasha foklifti akaondoka. Wapo wanaochokozana, tena vikali, ila siku ya derby polisi wanawatenga kuanzia stesheni. Kwetu walikuwa wanakula sahani moja, baba na mjomba.

Ndiyo maana nasema nyimbo zangu za huku zimerekodiwa vizuri kuliko zote na ni dhaifu kuliko nilizotunga Tandika. Hazijabishiwa. Wasikilizaji wangu hapa ni waungwana: wanatikisa kichwa, wanapiga makofi mwisho, mmoja wawili wananiuliza neno fulani maana yake nini.

Isipokuwa Novemba iliyopita. Nilikuwa na shoo Altona, hapahapa Hamburg, watu kama arobaini, na kwenye ubeti wa pili kuna mahali najisifu kwa zile tano moja tulizowapiga Simba Novemba 2023. Nikamaliza mstari, nikavuta pumzi. Kutoka nyuma, karibu na makoti, sauti ya mtu mzima ikapaa kwa Kiswahili cha Dar kabisa:

"Na zile tano bila za 2012 ulikuwa wapi, wewe?"

Biti linaendelea. Wajerumani wanageuka kuangalia nani anapiga kelele. Ubeti wangu ukanipotea wote, nikashusha kipaza sauti, nikamtafuta kwenye giza mpaka nikaiona jezi nyekundu ya Simba chini ya koti la baridi.

"Sogea mbele," nikamwambia. "Sogea hapa mbele tuongee."