Sijaposa mtu, ni kibodi

Haya, kwa kuwa rafiki yangu mmoja (anajijua) keshatangaza mji mzima wa Chake kwamba nimemposa mtoto wa mwenye fremu ili nisamehewe kodi, nisikilizeni mie mwenyewe. Sijaposa mtu. Ni kibodi.

Mnaikumbuka ile kibodi ndogo niliyojigamba nayo humu wiki iliyopita? Vitufe 61 tu, wakati zile kubwa zina 104, yaani hakuna namba za pembeni, hakuna F1 wala F12, mishale ndo kabisa, ukiitaka unashikilia Fn halafu unabonyeza kitufe chengine. Swichi zake za buluu, zile zinazolia ta! ta! ta!, kwenye geimu la Counter-Strike raha yake usiseme. Nyumbani imeshapigwa marufuku. Siku ya kwanza tu nacheza mchana, mama kalala, karuka kitandani katoka mbio kukusanya karafuu zilizoanikwa nje akidhani mvua imeshapiga bati. Jua linawaka. Karudi ndani kanikuta na hedifoni kichwani, hiyo sihadithii.

Basi nikaihamishia kwenye kifremu changu cha kutaipu na fotokopi. Inaunga bluutuu na vifaa tofauti, nikaona mjanja ndo mie: Fn na Q leptopu, Fn na W simu. Ikumbukeni hiyo W.

Jumanne kaja mzee mmoja wa shamba na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, anataka barua ya posa ya mwanawe itaipiwe. Mie muda huo namjibu mwenye fremu, nadaiwa miezi miwili, nishaandika "Waalaykum salaam mzee, kuhusu ile kodi" nikasita hapo, sijui niendelee na uongo gani, nikaibwaga simu kifudifudi mezani kwenye chaji (skrini huwa siizimi nikiwa kazini, usiniulize kwa nini) nikamgeukia mteja.

Majina, tarehe, anuani, vyote vimeingia kwenye leptopu vizuri. Mzee anasikia ta-ta-ta anatabasamu, ananambia hiyo ndo sauti ya mashine za taipu za afisini zamani. Nikavimba kichwa. Nikaona nimeruka mstari, nataka kurudi juu, na mkono wangu wa geimu unajua kitu kimoja tu duniani: juu ni W. Nikashikilia Fn, nikabonyeza W.

Jamani. Mishale ya kibodi hii ipo upande wa kulia kule.

Mie sina habari, macho kwenye karatasi ya mzee, nataipu bila kuangalia skrini kwa sababu najionesha.

"tunaleta ombi letu kwa heshima na taadhima la kumposa binti yenu." Enta. Na WhatsApp yangu, kwa uvivu wangu mwenyewe, nimeiseti enta itume.

"Kijana wetu ana dini na adabu." Enta.

"Hanywi, havuti, wala hali haki ya mtu." Enta.

"Yupo tayari kwa mahari yoyote mtakayotaja." Hiyo enta nimeipiga kwa mbwembwe, mkono nimeunyanyua juu kama mpiga kanuni kwenye taarabu.

Simu ikatetemeka. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Ndo nikainua macho kwenye leptopu kuitazama kazi yangu: majina yapo, tarehe ipo, anuani ipo, chini yake kishale kinapepesa peke yake kama taa ya ngalawa. Hata herufi moja. Nikadhani kibodi imekwisha chaji, nikapiga jjjjjjj kuijaribu, nikapiga enta. Kimya. Ndipo nikaigeuza simu.

"Waalaykum salaam mzee, kuhusu ile kodi tunaleta ombi letu kwa heshima na taadhima la kumposa binti yenu."

Na nyengine zote zimejipanga chini yake, ya mwisho jjjjjjj. Tiki za buluu mpaka chini. Pale juu kunasema anaandika. Anaacha. Anaandika. Anaacha. Mzee wa shamba ananiuliza, "Mwanangu, umeumwa na tumbo?"

Nikazifuta zote. Kosa jengine, maana sasa anaona "ujumbe huu umefutwa" mara tano, kama mtu alieposa kisha akamuangalia mtoto vizuri akaghairi. Akapiga. Vidole vinatetemeka nikagusa spika, na huyo rafiki yangu mtangazaji kasimama pale anasubiri fotokopi zake.

"Huyo kijana wenu," sauti ikajaa fremu nzima, "ndo wewe unaedaiwa miezi miwili?"

Mengine mafupi. Mzee wa shamba kapata barua yake kwa kibodi ya zamani, nimemfanyia bure. Mwenye fremu nimemfata mpaka kwake nikaomba radhi, na kibodi nimekwenda nayo kama ushahidi, hajaelewa kitu. Jana nimekopa nikampelekea miezi yote miwili taslimu. Kazihesabu noti, kazirudia, kazitia mfukoni.

"Hii ya fremu," kasema. "Mahari utaleta lini?"

Mie nikacheka. Yeye hakucheka.