Kabla ya Kukata Ugali, Hesabu Samaki

Akina mama wengi wa hapa Mwanza wakivuka miaka 45 na nguo zikaanza kubana kiunoni, wa kwanza kufukuzwa mezani ni ugali. Wali hufuata, kisha mihogo, kisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hilo silipingi. Kupunguza wanga huwasaidia wengi, hasa ambao sukari yao imeanza kupanda. Ninachokipinga ni sahani inayobaki: mchicha, kipande cha samaki cha vidole viwili na chai kavu. Ukila hivyo miezi mitatu, kilo zitashuka kweli, lakini sehemu ya kilo hizo itakuwa nyama ya mapaja yako mwenyewe.

Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30, na hedhi inapoelekea kukoma, homoni ya estrojeni ikishuka, kuilinda kunakuwa kazi ngumu zaidi. Misuli ya umri huo pia ni mizito kuitikia chakula. Kiasi cha protini kinachomtosha binti wa miaka 20 hakitoshi tena kuiamsha. Na mizani usiiamini wiki ya kwanza, kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini hukaa pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya wanga. Kilo mbili zilizoondoka upesi zilikuwa maji kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo anza na hesabu. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mama wa kilo 70 anahitaji gramu 84 hadi 112. Kama uzito umezidi sana, tumia uzito unaokufaa kwa urefu wako, si ule wa leo. Kisha igawe: gramu 25 hadi 35 kila mlo. Kunywa chai tupu asubuhi, kuruka mchana na kumaliza kila kitu usiku ni kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, maana misuli inakaa kutwa nzima bila kupata kitu.

Kwetu hesabu hii haihitaji unga wa protini wa kopo. Asubuhi mayai matatu na glasi ya mtindi usiotiwa sukari, gramu 26 hivi. Mchana sato mzima wa nusu kilo. Ukitoa kichwa, miba na matumbo, nyama inayobaki haifiki nusu ya uzito huo, lakini bado inakupa gramu 35 au zaidi. Jioni dagaa wakavu gramu 50, karibu gramu 30. Maharage ni mazuri, ila upawa wake mmoja unakuja na wanga mwingi kuliko protini, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Dagaa wanahitaji jicho. Pale Mwaloni, Kirumba, chota kiganjani uwasugue kidogo: walioanikwa mchangani wataacha chembe za mchanga mkononi, na mchanga huo umeulipia kwa bei ya dagaa. Walioanikwa kwenye vichanja ni safi na hung'aa. Pima ukiwa umeshawachambua, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, uwakaange kwa mafuta kidogo, ndipo utie nyanya, kitunguu na limao. Kayabo, samaki mkavu wa chumvi, nayo ina protini ya kutosha, lakini iloweke usiku kucha na umwage maji, hasa kama una presha.

Chakula bila kazi hakitoshi. Kutembea hadi Capri Point ni kuzuri kwa moyo, na wanaopanda vilima vya Igogo kila siku miguu yao inafaidi, ila misuli hubaki pale inapolazimishwa kubeba mzigo. Siku mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati, fanya hivi: kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, ukiwa umekumbatia dumu la maji la lita 5 kifuani, sukuma ukuta, baadaye sukuma meza, inama mgongo ukiwa umenyooka uvute dumu kuelekea kiunoni. Kila zoezi mizunguko mitatu, mara 8 hadi 12. Zile mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Ukifika 12 bila taabu, chukua dumu kubwa zaidi uongeze lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja. Wengi wanakwama hapa: mwaka mzima dumu lile lile, halafu wanasema mazoezi hayawafai.

Ukizidiwa na uchovu kwenye mazoezi, rudisha wanga kidogo siku hiyo, kiazi kitamu kimoja cha kiasi au tonge mbili tatu za ugali. Lishe ya wanga kidogo si lazima iwe ya wanga sifuri. Kichwa kuuma na mashavu ya miguu kukaza siku za mwanzo mara nyingi ni maji na chumvi vinavyotoka kwa wingi kwenye mkojo. Mchuzi wa samaki wenye chumvi husaidia, isipokuwa kwa mwenye presha, figo au moyo. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga, kwani dozi ile ile inaweza kuishusha sukari hadi akaanguka. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa.

Badala ya kupanda mizani kila asubuhi, mara moja kwa mwezi vuka mikono kifuani, simama na kukaa kwenye kiti mara tano, mtu akushikie saa. Ikizidi sekunde 15, miguu imedhoofika. Kama kilo zinashuka huku sekunde zinapanda, ongeza samaki na dumu kwanza, ugali uuache ulipo kwa sasa.