Mlenda wa Baba Mkubwa

Ukimwambia baba mkubwa kwamba dizeli nayo huharibika, anakuuliza, "Kwani ni maziwa?" Alinunua pipa zima kabla bei haijapanda, akalisimamisha uani kwake Igombe, hatua chache kutoka ziwani, juani na mvuani. Lilipobaki nusu, masika yote yakalipitia pale pale.

Ikaja sendofu ya binti yake. Umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, vigelegele. Kisu kimeshagusa keki, jenereta ikakohoa, ikanguruma, ikakohoa tena, kimya. MC, mtu wa kazi, akaendelea bila maiki.

Fundi alikuwepo, mwalikwa, yuko ndani ya suti. Akafungua chujio kwa tochi ya simu yangu. Ute mweusi, unavutika kama mlenda.

"Nani kamwaga mlenda kwenye mafuta yangu?" Baba mkubwa akamgeukia mama mkubwa.

"Mlenda wangu uliisha mchana. Na wewe uliongezewa."

Fundi akaingilia kuokoa ndoa. Pipa likishinda juani hutanuka. Usiku likipoa huvuta hewa ya ziwa na unyevu wake, hata maji ya mvua yaliyotuama juu ya mfuniko hunyonywa ndani. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, na pale yanapokutana na dizeli ndipo bakteria na ukungu huweka makazi, wakila mafuta. Pasipo maji hawazaliani. Ndiyo maana pipa linatakiwa lijae, likae kivulini, na maji ya chini yatolewe mara kwa mara.

"Kwa hiyo muda wote huu nafuga?"

"Unafuga, mzee, na wamenenepa."

Mzee akataka dawa. Ipo ya kuwaua, fundi akasema, ila mizoga yao nayo huziba chujio. Kusafisha pipa kuko palepale.

Kumthibitishia, akavuta kwa mpira kutoka chini kabisa ya pipa, akajaza chupa ya maji ya kunywa: dizeli juu, ute katikati, maji machafu chini. Akaiacha mezani, akaondoka na bodaboda kutafuta dizeli mpya.

Mshenga, koo limemkauka, akaiona kwenye mwanga wa mshumaa, akajua wenzetu wa mjini wameleta juisi ya rangi tatu. Kufungua tu, ukumbi mzima ukanuka mayai viza. Hao bakteria wa chini ndiyo marashi yao.

Mshenga akasimama, mkono puani: "Jamani, mayai ya hii keki yamenunuliwa wapi?"

Mama wa keki akavua viatu.