Mataji saba ya Buffalo Bandits: je, yote yana uzito mmoja?

Tarehe 24 Mei 2025, katika ukumbi wa KeyBank Center mjini Buffalo, jimbo la New York, timu ya Buffalo Bandits iliifunga Saskatchewan Rush mabao 15 kwa 6 na kutwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa ya lakrosi ya ndani, inayojulikana kwa kifupi kama NLL, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Lilikuwa taji lake la saba, na kwa taji hilo iliziacha nyuma Philadelphia Wings ya zamani na Toronto Rock, ambazo kila moja ilikuwa na mataji sita. Kwa mashabiki wa Buffalo mjadala uliisha usiku uleule: mwenye mengi ndiye mkubwa. Hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa sababu inachukulia kwamba taji la mwaka 1992 na la mwaka 2025 ni noti mbili za thamani moja, ilhali zilichapishwa na ligi mbili ambazo karibu hazifanani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, na wengi wetu hatujauona ingawa Uganda ilipeleka timu ya wanaume kwenye mashindano ya dunia ya lakrosi ya uwanja wa wazi huko Denver mwaka 2014, maelezo machache yanatosha. Lakrosi ya ndani huchezwa katika kumbi za hoki ya barafu, barafu ikiwa imefunikwa kwa zulia la nyasi bandia na kuta za pembeni zikiachwa zilivyo. Kila upande huwa na wachezaji watano na kipa mmoja, kila mchezaji ana fimbo yenye wavu kichwani, na timu yenye mpira lazima ipige golini ndani ya sekunde 30. Goli ni dogo, kipa amevaa vifaa vinavyomfanya alizibe karibu lote, na bado mabao huingia kwa wingi. Aina hii ya mchezo ilianzia Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale wenye kumbi za hoki walipotafuta namna ya kuzitumia wakati wa kiangazi. Mchezo mama, kwa upande wake, ni wa watu wa asili wa Amerika Kaskazini, na kwa Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya asili wanaojulikana pia kama Wairokwoi, ni jambo la ibada kabla ya kuwa burudani.

Historia hiyo ina uzito hapa kwa sababu Buffalo ipo mahali pa pekee kijiografia. Ng'ambo ya mto Niagara ni Ontario, ambako vijana hukua wakicheza ndani ya kuta. Na pande zote mbili za mpaka kuna jamii za Wahaudenosaunee, yaani Waseneka, Watuskarora na wakazi wa Six Nations huko Ontario, ambazo fimbo hii ni urithi wao. Timu ilipoingia kwenye ligi kwa msimu wa 1992, ligi ikiitwa wakati huo MILL, timu nyingi zilikuwa zimejaa Wamarekani waliolelewa katika lakrosi ya uwanja wa wazi ya vyuo vikuu. Kocha Les Bartley alijenga kikosi chake juu ya Wakanada na wachezaji wa asili waliouzoea ukumbi tangu utotoni. Miongoni mwao walikuwemo John Tavares, Jim Veltman na ndugu wawili Watuskarora, Rich na Darris Kilgour. Timu ikabeba ubingwa katika msimu wake wa kwanza kabisa, ikiifunga Philadelphia mabao 11 kwa 10 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata haikupoteza mchezo hata mmoja, na fainali ikaishinda Philadelphia ileile kwa 13 kwa 12. Ikaongeza taji la tatu mwaka 1996.

Wanaotilia shaka ukubwa wa Bandits huanzia hapa, na hawakosi hoja. Mwaka 1992 ligi ilikuwa na timu saba tu, na msimu wa kawaida ulikuwa wa mechi nane. Timu iliyoamka vizuri kwa miezi mitatu iliweza kuwa bingwa bila kujaribiwa na majeraha ya muda mrefu wala safari za kuvuka bara. Fainali iliamuliwa kwa mchezo mmoja, na matokeo mawili ya kwanza niliyoyataja yalitofautiana kwa bao moja moja; mpira ungegonga mwamba, leo tungekuwa tunawasifu Wings. Kwa kipimo hiki, msimu wa 1993 usio na doa ni sifa halali, ila ni sifa ya mbio fupi.

Ninaikubali hoja hiyo nusu. Nusu ninayoikataa ni ile inayofanya mataji ya kwanza yaonekane kama mabaki ya enzi ya kitoto. Ligi ilikuwa ndogo, ndiyo, lakini Bandits ndio walioionyesha kwa uwazi usiopingika kwamba mchezo wa ndani unahitaji watu wa ndani. Tazama orodha za wachezaji wa NLL ya leo, zilivyojaa vijana wa Ontario, British Columbia na jamii za asili, uone ni mfano wa nani ulioshinda.

Ushahidi mwingine wa nguvu ya kikosi kile ni wa kuumiza kidogo kwa Buffalo, kwa kuwa ulijitokeza mjini Toronto. Bartley aliondoka baada ya msimu wa 1997, na akiwa Toronto Rock alitwaa mataji ya 1999, 2000, 2002 na 2003, Veltman akiwa nahodha wake. Rock wakaongeza la 2005. Mataji matano katika misimu saba ni mavuno ambayo Buffalo haijawahi kuyafikia, na mtu akiniambia kwamba Toronto ya miaka hiyo ndiyo timu bora kuliko zote, sitamwona mjinga. Wala tusiwasahau Rochester Knighthawks, waliokuwa wa kwanza kushinda mara tatu mfululizo, 2012 hadi 2014. Huku majirani wakisherehekea, Bandits walikaa miaka 12 bila taji, wakapata moja mwaka 2008 chini ya kocha Darris Kilgour, aliyekuwa mchezaji wa kikosi cha kwanza, kisha wakakaa tena miaka 15. Katika kipindi hicho cha pili walipoteza fainali za 2016, 2019 na 2022. Timu inayodai kuwa kubwa kuliko zote lazima ijibu kuhusu ukame wa namna hiyo, na jibu la kwamba angalau ilikuwa inafika fainali halinishibishi.

Mtu mmoja aliunganisha enzi hizi zote. John Tavares alicheza misimu yake yote, kuanzia 1992 hadi 2015, akiwa na Bandits peke yao, na alistaafu akiwa na mabao 815, huku kwa miaka mingi akifanya kazi ya kufundisha hisabati shuleni Ontario. Wengi wakisikia jina hilo humfikiria mpwa wake, nyota wa hoki ya barafu mwenye jina lilelile. Kwenye lakrosi hakuna anayeuliza ni yupi. Baadaye akawa kocha, na mataji yote matatu ya 2023, 2024 na 2025 yamepatikana mikononi mwake.

Mataji hayo matatu ndiyo ninayoyapa uzito mkubwa zaidi. Ligi ilikuwa na timu 15 katika misimu miwili ya kwanza na 14 katika ule wa tatu, msimu wa kawaida ni mechi 18, na bingwa hupatikana kwa fainali ya michezo isiyozidi mitatu, anayetangulia kushinda miwili ndiye bingwa, hivyo bahati ya usiku mmoja haitoshi. Mwaka 2023 waliwafunga Colorado Mammoth, walewale waliowanyima kombe mwaka mmoja kabla. Mwaka 2024 hawakuongoza msimamo, Toronto ndio waliokuwa kileleni, lakini Bandits wakawatoa Toronto katika nusu fainali na kuimaliza Albany FireWolves katika fainali bila kupoteza mchezo. Kikosi kilikuwa na Dhane Smith, aliyefikisha pointi 137, yaani jumla ya mabao na pasi za mabao, katika msimu wa 2016, na Josh Byrne, mchezaji bora wa ligi mwaka 2024. Golini alikuwa Matt Vinc, na hapa kuna jambo ninalolipenda: Vinc ndiye aliyekuwa kipa wa Rochester walipotwaa matatu yao mfululizo. Timu mbili zimewahi kufanya hivyo, na kipa ni yuleyule. Wanaobishana kati ya Rochester na Buffalo wangeweza kumpa yeye kombe hilo na kwenda kulala.

Upande wa pili wa mataji ya sasa ni fedha. Tangu mwaka 2011 Bandits wamekuwa chini ya Terry Pegula, bilionea aliyeinunua timu ya hoki ya Buffalo Sabres na kuipata timu ya lakrosi pamoja nayo, kisha mwaka 2014 akainunua Buffalo Bills ya futiboli ya Kimarekani. Watetezi husema kwamba mishahara ya wachezaji wa lakrosi ina kikomo kilichowekwa kwa makubaliano na chama cha wachezaji, hivyo tajiri hawezi kununua ubingwa kama afanyavyo katika soka ya Ulaya. Ni kweli, na wachezaji wengi bado wana kazi nyingine za kuwalisha katikati ya wiki. Lakini fedha haipiti kwenye mshahara tu. Klabu iliyo ndani ya nyumba moja na timu ya hoki hupata tarehe nzuri za ukumbi, idara ya masoko iliyokamilika, watabibu, na zaidi ya yote uhakika wa kuwepo mwakani. Katika kipindi hichohicho cha ushindi wa Buffalo, Panther City ya Fort Worth ilifungwa mwaka 2024, na New York Riptide ikahamishiwa Ottawa. Mchezaji anayechagua pa kwenda huyaona hayo.

Zito zaidi ni suala la Rochester. Mmiliki wa Knighthawks wa zamani, Curt Styres, alipoihamishia timu yake Halifax, Pegula ndiye aliyepewa haki ya kuanzisha Knighthawks wapya, waliocheza kuanzia msimu wa 2019/20. Tajiri mmoja akawa na timu mbili katika ligi moja. Wapo wanaosema kwamba bila yeye Rochester ingekosa lakrosi kabisa, na kwamba ligi changa haiwezi kuchagua wafadhili. Hoja hiyo ina ukweli wa njaa, yaani ukweli wa mtu asiye na njia nyingine. Bado, kila uhamisho kati ya klabu hizo mbili na kila mechi ya mwisho wa msimu baina yake huacha swali ambalo halingekuwepo kama wamiliki wangekuwa wawili, hata kama hakuna aliyefanya kosa lolote. Ligi iliyokubali mpangilio huo ndiyo inayopaswa kulaumiwa kabla ya Bandits.

Kinachowakinga Bandits dhidi ya tuhuma ya kuwa bidhaa ya tajiri ni watazamaji. Ukumbi wao una viti 19,070 wakati wa hoki, na kwa mahudhurio wao ndio wanaoongoza ligi. Watu hao walianza kujaza ukumbi mkongwe wa Memorial Auditorium miaka mingi kabla Pegula hajatia saini hundi yoyote, na waliendelea kulipa kiingilio katika miaka 15 ya ukame.

Kwa hiyo ninawaweka Bandits juu ya Toronto, ila kwa tofauti ndogo na si kwa sababu ya namba saba. Mataji ya 1992 na 1993 nayahesabu kama ugunduzi, lile la 1996 na lile la 2008 kama mataji ya kawaida ya timu nzuri, na matatu ya mwisho kama kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kufanywa katika ligi hii. Anayetoa uzito zaidi kwa uthabiti wa miaka saba ya Toronto atafikia jibu tofauti, na hesabu yake itakuwa safi kama yangu.