Maganda yananasa rangi, lakini rangi ipi?
Kwamba makapi ya mpunga na maganda ya machungwa hunasa rangi ya vitambaa iliyo kwenye majitaka ya viwanda hadi maji yawe meupe, sibishi. Ila majaribio mengi ya namna hii hutumia methilini bluu, rangi yenye chaji chanya, na maganda yana chaji hasi, lazima zishikane! Pamba kiwandani hutiwa zaidi rangi riaktivu, yaani zinazojifunga na nyuzi zenyewe, zenye chaji hasi, na maji niliyoyazoea mimi mtaroni mwa kiwanda hutoka ya moto, yamejaa chumvi na magadi. Humo maganda mabichi hayanasi kitu cha maana mpaka maji yatiwe asidi, tena yenyewe huachia ukahawia wake. Maganda yakishashiba rangi, rangi hiyo haijafa, imehama tu. Wenzangu mnaofanya kazi hii ya kusafisha majitaka, maganda yaliyoshiba mnayapeleka wapi?