Herufi T ndani ya LGBTQ: hesabu ya Tanga si ya London

Tangu kikundi cha LGB Alliance kianzishwe Uingereza mwaka 2019, kuna hoja ambayo imekuwa ikisambaa: herufi T, yaani transjenda (mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa), itoke kwenye LGBTQ, kifupi kinachowaweka pamoja na wasagaji, mashoga na wengine. Wanaoitoa wanasema kuvutiwa na mtu wa jinsia yako ni suala moja, na kujitambua kwa jinsia tofauti na uliyoandikiwa ulipozaliwa ni suala jingine kabisa. Tanga nako hoja hiyo ina watu wake, wakiwemo transjenda wenyewe waliochoka kuhesabiwa kama mashoga. Wana haki ya kuchoka. Ila hesabu yao wameikatia njiani.

Kubaki pamoja kuna faida kubwa mbele ya sheria na mitaani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaadhibu tendo la kujamiiana kinyume na maumbile, kwa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha. Kuhusu utambulisho hakisemi kitu. Lakini anayeshukiwa kwanza ni anayeonekana: mwenye dera na wanja anayekatisha mtaa wa Ngamiani jioni, si bwana wa suruali ya kitambaa anayeishi Chumbageni na mpenzi anayemwita "binamu". Vilainishi vya kujamiiana vilipopigwa marufuku mwaka 2016, na vituo 40 vikasimamishwa kutoa huduma za Ukimwi kwa makundi maalumu Februari 2017, walioachwa mikono mitupu ni wote. Transjenda akijitenga, kifungu cha 154 kinabaki palepale. Anachopoteza ni wakili, na mtu wa kumpigia simu usiku wa manane.

(Pwani nasi tuna unafiki wetu. Mtu huyohuyo hutafutwa ampambe bi harusi na aichangamshe singo, halafu akiomba chumba cha kupanga, vyumba vyote vimeshapata watu.)

Historia nayo haiegemei upande mmoja. Katika vurugu zilizozuka polisi walipovamia baa ya mashoga ya Stonewall, New York, Juni 1969, mwanaharakati Marsha P. Johnson alikuwemo, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Sylvia Rivera, wote wakihesabiwa upande wa T, wakaanzisha kikundi cha STAR kuwasaidia vijana wasio na makazi. Mwaka 1973 Rivera alipanda jukwaani kwenye mkutano wa harakati hizohizo, akazomewa. Mwaka 2007 muswada wa Marekani wa kuzuia ubaguzi kazini ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi baada ya kuondolewa kinga ya transjenda ili upate kura, na bado haukuwa sheria. Kinga ilikuja 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi za mashoga wawili na za Aimee Stephens, transjenda, katika hukumu moja.

Panapouma ni kwenye huduma. Kwa miaka mingi mipango ya Ukimwi iliwaweka wanawake transjenda ndani ya kundi la wanaume wanaojamiiana na wanaume. WHO ilikuja kuwaorodhesha kama kundi linalojitegemea katika mwongozo wake wa 2014. Wanaume transjenda hata hesabu hiyo hawakuingia. Matokeo yake ni kifurushi cha kondomu, kipimo na dawa kinga, bila neno lolote kuhusu homoni.

Pengo hilo lina madhara. Mwanamke transjenda asiyepata daktari hununua vidonge vya uzazi wa majira duka la dawa na kumeza vitatu au vinne kwa siku, akidhani wingi utaharakisha mabadiliko. Vingi kati ya vidonge hivyo vina ethinilestradioli, homoni ya kike ya kutengenezwa, ambayo huongeza sana hatari ya damu kuganda, hasa kwa mvuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma, au kifua kikibana ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo. Daktari hutumia estradioli ya kawaida, mara nyingi miligramu 2 hadi 6 kwa siku, na kupima damu kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Mwanamume transjenda anayechoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume, damu yake huweza kuwa nzito kupita kiasi, na kukosa hedhi hakumhakikishii kwamba hawezi kushika mimba. Mshauri aliyefundishwa kuhudumia mashoga tu hatayasema haya, kwa sababu hakufundishwa.

Nyaraka ndizo zinazotenganisha njia zaidi. Kenya, mwaka 2014, Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alishinda kesi ya kubadilishiwa jina na kuondolewa alama ya jinsi kwenye cheti chake cha mtihani. Mwaka 2019 mahakama za nchi hiyohiyo zilikataa kufuta vifungu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Kesi ya cheti ilipita kwa sababu ilisimama peke yake, kama suala la utu na karatasi.

Kwa hiyo kwenye ulinzi nawashauri transjenda wabaki pamoja na wenzao. Kwenye homoni na nyaraka wawe na faili lao. Tanga faili hilo lianzie kwenye jina. Laini za simu zimefungwa kwenye alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na wakala wa pesa hulisoma jina kwa sauti mbele ya foleni. Sheria yetu haina utaratibu wa kumbadilishia jinsi aliyebadili jinsia, lakini jina hubadilika kwa hati inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa msajili wa hati. Isajiliwe kwanza, ndipo mtu aende NIDA, kisha kampuni ya simu na benki. Vyeti vya shule vitabaki na jina la zamani, hivyo nakala ya hati iambatishwe kila vinapoombwa.