Shemeji alivyoenda Vegas kuhesabu karata

Jamani nyie mnaosema mna mashemeji, wangu bado hamjamjua. Huyu ni mdogo wake wife, tuko naye hapa Dallas, anaendesha lori, na enzi zake alisoma PCM kwa hiyo ukikaa naye dakika kumi lazima uambiwe alipata A ya hesabu. Sasa akaanza kuangalia video za watu wanaohesabu karata kwenye blakijeki, ile ya ishirini na moja, basi nyumba nzima ikawa kasino. Unaenda kuchukua maji kwenye friji unamkuta jikoni anafunua karata mwenyewe, magarasa kuanzia mbili mpaka sita anajumlisha moja, saba nane tisa anayapotezea, kumi na mapicha na ree anatoa moja, hesabu ikipanda maana yake makubwa bado yamo ndani na hapo ndo unaweka hela nzito. Na sio uongo, kuna profesa wa hesabu anaitwa Edward Thorp aliipigia hiyo kitu ya kuhesabu karata mahesabu kwa kompyuta ya IBM akaitoa kwenye kitabu mwaka 1962, kasino zikahaha. Tatizo shemeji alikuwa anajiandaa kupambana na kasino ya 1962.

Tukapanda ndege mpaka Las Vegas. Mpango wenyewe, yeye anahesabu na kuweka dola kumi kumi tu, mimi nakaa pembeni nijifanye tajiri mjinga, akisema "kuna joto" naongeza dau, akisema "baridi" napunguza. Alitaka kabisa tutumie simu, nikamwambia shem, Nevada ukihesabu kwa kichwa sio kosa, watakachofanya ni kukutoa nje, ila kifaa ni jinai tangu 1985, mimi sitaki dada yako aje kunitoa lupango. Akakubali kwa shingo upande, akavaa kofia na miwani meusi, usiku, ndani ya jengo, eti kuna kamera za kutambua sura. Halafu huyo huyo mwenye kofia kufika mlangoni akaona dawati la kadi za uanachama, ukijiunga unapata pointi za chakula, akachomoa leseni yake ya udereva akajiandikisha. Na mimi akaniburuza nikajiandikisha. Tulipokaa mezani kadi zikaingizwa kwenye kompyuta yao kabla hatujaweka hata senti.

Sasa meza. Mbele ya dada anayegawa kuna boksi jeusi, karata zinatoka humo moja moja, mkono, yaani raundi moja, ukiisha dada anazizoa zote anazisokomeza nyuma ya boksi, linanguruma kama blenda ya juisi, anagawa tena. Hakuna kusimama kuchanga, boksi linachanga lenyewe muda wote. Na hesabu yote ya shemeji inataka karata ikishatoka isirudi mpaka wachange upya! Hapa ikitoka inaenda kunawa uso inarudi.

Nikamgusa mguu. "Shem, mbona karata zinarudi ndani?"

"Usinivurugie, niko jumlisha kumi na nane."

Kwenye zile video zake kunakuwaga na trei pembeni ya kuwekea karata zilizotumika, unaikadiria kwa macho ujue zimebaki pakiti ngapi, ndo unagawanya ile hesabu yako. Namwona shemeji anaitafuta trei. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akavua miwani. Trei hamna. Akaninong'oneza, "Itakuwa zimebaki kidogo sana. Kuna joto."

Nikaweka. Dada akafunua ishirini. "Joto kali shem." Nikaweka, dada akafunua ishirini na moja, AC inapuliza mpaka mama wa watu pembeni yangu kajifunika mtandio halafu sisi tunaambiana joto. Kuna mkono mmoja nikapata blakijeki kabisa, yaani ree na karata ya kumi papo hapo, nimeweka hamsini, nikajua sabini na tano hiyo, nikasukumiwa chipsi, zile sarafu zao za kuchezea sio za kula, za sitini. Kumbe kwenye kitambaa cha meza pameandikwa wanalipa sita kwa tano, sio tatu kwa mbili kama ya kwenye video. Shemeji wala hakuona, alikuwa jumlisha arobaini na saba, jasho linamtoka, ananiambia hali hii haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Ndo akaja jamaa wa suti. Kasimama nyuma yetu, akatuita kwa majina yetu yote mawili mawili. Mimi miguu ikafa ganzi. Shemeji mdomo unacheza, sijui anasali sijui bado anahesabu.

Jamaa akatabasamu, akatukabidhi vocha za bafe na chumba cha bure usiku ule. Nikamuuliza imekuwaje, akaeleza bila noma, mfumo wao unachukua wastani wa dau lako, muda uliokaa, mikono inayochezwa kwa saa na faida ya kasino, unakadiria wewe ni mtu wa kupoteza kiasi gani, halafu wanakurudishia kijisehemu ili usiende kupotezea kwa jirani. Kwa hiyo kompyuta ilitupima muda wote ule ikatuona sisi ni wa kutunzwa.

Kwenye bafe shemeji alikula miguu ya kaa kwa hasira, kila sahani anaipigia bei ananitajia deni limebaki ngapi, mpaka mhudumu akaacha kutuletea malimao.

Sasa juzi barua ikaja nyumbani, wife akaifungua, siku mbili bure hotelini kwa wachezaji wao wa thamani, majina yetu juu. Akaja nayo sebuleni kashika kiuno. "Nyie si mliniambia mmeenda kwenye harusi?"

Mimi natafuta pa kuanzia, shemeji akaichukua ile barua, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri akaiweka mfukoni.

"Unaona dada? Wameshaanza kunitambua."